Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Tanboi

Kuna magari yanayowashwa kwa ufunguo, na kuna lori la Kweyu. Hilo huwashwa na mlima. Stata yake ilikufa zamani, ikaishia kwa wauza vyuma chakavu, na tangu hapo Kweyu hulilaza kwenye mteremko mmoja wa mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, mawe yakilizuia magurudumu. Asubuhi tanboi wake, yaani utingo, Patrobas, huondoa mawe, lori likaanza kujiburura, Kweyu akaachia klachi, na kikohozi cha injini kikaamsha mtaa mzima. Majirani hawajahitaji jogoo.

Juu ya kioo cha mbele limeandikwa BADO NIPO, na rangi ya hayo maandishi ndiyo kitu kipya kuliko vyote. Gia ya pili haikai. Lazima Patrobas aishikilie isiruke. Dereva akitoa mguu kwenye mafuta, injini inazima. Usukani unataka mikono yote miwili pamoja na dua. Lakini uliza hayo magorofa ya Eastlands mchanga wake ulikuja na nani. Lori lenye ulemavu wote huo limewasomesha watoto wa Kweyu, nawe na gari lako la mkopo umemsomesha nani?

Mtu mmoja tu ndiye aliyelicheka akasikika: Mama Muhonja, mama mkwe wake. Siku Kweyu alipopeleka ng'ombe wa mahari kule Vihiga, aliwapeleka kwa lori hilohilo. Mama alichungulia dirishani, akamgeukia dada yake. "Mwulize mgeni, hilo bati nalo linachinjwa, ama tunachinja ng'ombe peke yao?"

Alimtuma dada yake kwa sababu yeye mwenyewe hangeweza kumwambia Kweyu neno. Ukwe wao hauna mchezo: hakuna kushikana mikono, hakuna kuketi pamoja, hakuna kutazamana usoni. Miaka yote ya ndoa, maneno ya mama yalimfikia Kweyu kupitia vinywa vya watu. Hata alipokuja Nairobi kutibiwa magoti, hakulala kwa Kweyu. Alikaa mtaa wa Mukuru kwa Reuben, nyumbani kwa Phelister, binti yake mdogo ambaye hajaolewa.

Ndipo mvua ilipokuja, ikakataa kwenda.

"Shemeji!" Phelister alilia kwenye simu asubuhi moja. "Maji yamepita godoro. Mama tumempandisha juu ya meza. Hakuna gari inakubali kuingia huku!"

Lorine, mkewe Kweyu, hakuuliza kitu. Alimtupia mumewe leso kavu ya kumpelekea mama ajifunike, naye Patrobas alikuwa tayari anaondoa mawe.

Ukingoni mwa mafuriko walikuta magari madogo yamesimama, boneti wazi kama vifaranga wanaongoja kulishwa. Kando yao lori jipya kabisa lilikuwa linawakawaka taa za dashibodi kama ukumbi wa harusi, na haliendi.

"Buda!" kijana mmoja alimwita Kweyu. "Hiyo kabati ikizima huko ndani, utaitafutia mlima wapi?"

Lilikuwa swali zuri. Kweyu alijiuliza hilo tangu Baba Dogo. Huko chini ni tambarare tupu. Injini ikinyamaza, imenyamaza, na mama mkwe atabaki juu ya meza hadi meza ielee. Akakanyaga mafuta, akaingia.

Maji yalipanda hadi juu ya magurudumu. Nyuma, ekzosi ilitokota kama sufuria ya githeri. Walipofika kwa Phelister, majirani walipanda na watoto, magodoro na kuku mmoja aliyekuwa anatukana kila mtu. Patrobas akambeba mama mgongoni hadi mlango wa mbele wa lori. Mama akaona ni nani ameketi kwenye usukani, akakaza miguu.

"Mwambie huyo ashuke. Aendeshe mwingine."

"Mama, huyo akitoa mguu tu, gari inazima. Tutalala hapa na vyura."

"Basi niweke nyuma."

"Nyuma ni kupanda ukuta, mama. Kwa magoti gani?"

Maji yalikuwa yamemfika Patrobas kifuani. Mama akatazama maji, akatazama kiti. Phelister akaitundika ile leso katikati ya viti kama pazia, na mama akaingia, uso dirishani.

Mitaro haikuonekana tena. Ikabidi Patrobas atangulie mbele na mti mrefu, akipima njia. Hapo ndipo Kweyu alipokumbuka gia. Ikaruka. Lori likatetemeka, injini ikashuka sauti hadi ikawa kama inanong'ona, na nyuma watu wakapiga mayowe.

Kweyu hangeweza kumtuma mama mkwe. Akaitazama dashibodi.

"Gari yangu," akasema, "kama kuna mtu hapo, mwambie kuna chuma karibu na goti lake. Akivute nyuma, asikiachie."

Kisha mkono ukatokea chini ya leso, mkono mkavu wa jembe, ukaishika gia kama unaikaba.

"Wewe gari," sauti ikajibu, "mwambie dereva wako imeshikwa. Aangalie njia."

Likaenda. Kweyu, aliyedhani anajua kila msumari wa lori lile, alihisi kama analiona kwa mara ya kwanza. Maji yalimeza taa, yakaingia miguuni, na lile zee likayapasua kwa kifua, polepole, likinguruma kutoka mahali ambapo fundi hajawahi kufika. Kuta za mabati zilitetemeka kulipisha. Nyuma mayowe yalikoma. Hata kuku alinyamaza.

Penye shimo, injini ikashusha pumzi kama inayotaka kuzima.

"Wewe gari," sauti ya mama ikasema, "yale niliyosema siku ya ng'ombe, usiyaweke moyoni."

Injini ikapokea, ikanguruma tena. Magurudumu yakagusa lami, na wale vijana wa boneti wakasogea kando bila kuambiwa. Yule aliyeliita lori kabati alikuwa amevua kofia.

Watu wakashuka. Phelister akafungua mlango wa mbele, amekumbatia mtoto wa jirani aliyekuwa anatetemeka. Mama akaivuta leso kutoka ilipotundikwa, akamfunika mtoto nayo. Pazia halikuwepo tena. Mkono mwingine ulikuwa bado umeshika gia.

"Mama, shuka basi."

"Wewe gari," mama akasema, "wengine wamebaki. Geuka."

Kweyu alikuwa ameshaanza kukata usukani.

Patrobas, maji yakimchuruzika, alishangaa kuona kiti chake kimeshachukuliwa. "Na mimi je?"

"Tangulia!" sauti mbili zilimjibu kwa pamoja, mmoja akitazama dirisha la kulia, mwingine la kushoto.