Kizibo Hakina Tumbo

Baba yangu aligema michikichi, mama alilima mananasi katikati ya michikichi hiyo, na mimi mtoto wao nikawa mtengeneza divai. Shamba letu lilikuwa ng'ambo ya daraja la mto Tshopo, kwenye barabara ya Banalia, mahali ambapo maporomoko yalisikika asubuhi tu, kabla watu hawajaanza kelele zao.

Divai ya mananasi nilijifunza nilipomaliza sekondari, jikoni kwa mapadri, kwa mpishi mmoja mzee aliyekuwa akiwatengenezea kimyakimya. Unamenya, unaponda, unachuja, unatia hamira. Kisha unafunga bidoni, yaani dumu la plastiki, na kupitisha mpira mwembamba kwenye kifuniko, mdomo wake uzame ndani ya chupa ya maji. Maji yakitoa mapovu, divai inafanya kazi. Mapovu yakiisha unaihamisha, halafu unangoja tena. Sehemu kubwa ya kazi ni kungoja, na hapo ndipo nilipokuwa dhaifu.

Kwetu anayeleta kinywaji hukifungua mwenyewe na kukinywa kwanza, mbele ya wote. Wengi husema ni kuonyesha kwamba hakuna sumu. Baba alikuwa na maelezo yake. Alisema pombe ikiwa mbaya, wa kwanza kuionea aibu awe yule aliyeigema. Kila asubuhi aliposhuka kutoka mtini alijimiminia kidogo, akanywa mbele ya wanunuzi waliomngojea na vibuyu vyao, akajifuta mdomo, ndipo akawapimia.

Nilipoanza kuuza divai yangu katika chupa zenye vizibo na nta, nilimwambia kwamba desturi hiyo ni ya kibuyu, si ya chupa. Chupa imefungwa, kizibo ndicho shahidi. Akanijibu kwamba kizibo hakina tumbo. Nilicheka. Nilikuwa kijana niliyesoma, nina karatasi za rangi nilizobandika kwenye chupa, na mahoteli ya mjini yalikuwa yameanza kuniita.

Methali inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilitia sukari.

Ilikuwa kwa ajili ya mahari ya dada yangu mdogo. Wakwe, bokilo kama tunavyowaita, walikuwa wanakuja kutoka Bafwasende, na nilikuwa nimetangaza kwamba ukoo wetu hautawakaribisha kwa bia ya dukani. Wiki hiyohiyo kifuniko cha bidoni langu kubwa kililegea, wadudu wakaingia, na nilipoonja nikajua kwamba divai imeanza kugeuka siki. Ningeweza kusema. Baba alikuwa na pombe yake, hakuna mtu ambaye angebaki na kiu. Lakini nilikwisha kujisifu mno. Nikatia sukari mpaka ulimi ukadanganyika kidogo, nikafunga chupa, nikazipiga nta.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Mjomba wa bwana harusi, mtu mnene mwenye maneno mengi, alikaa mbele akizungusha chupa yangu mkononi na kusoma karatasi yake kwa sauti. Nikafungua chupa, baba akamimina, akanipa kikombe.

"Kunywa kwanza, mwana. Bokilo banaangalia."

Harufu ilinifikia kabla ya kikombe. Nikamwambia, "Papa, niko na dawa ya malaria. Siwezi kuchanganya."

Sikuwa na malaria. Baba aliniangalia muda mfupi tu. Kisha akachukua kikombe mkononi mwangu, akanywa. Hakuonja na kuacha. Alikinywa chote, polepole, uso wake ukiwa vilevile kama wa mtu anayenywa maji, akakigeuza kikombe juu chini ili wote waone. Halafu akarudisha kizibo kwenye chupa kwa kiganja chake.

"Alors, papa," mjomba yule akamchokoza, "vin yenu inaogopa bokilo?"

"Inaogopa miye," baba akajibu. "Ingali mu njia, haiyafika. Bon, tukunywe kwanza masanga ya mbila."

Watu wakacheka, vibuyu vyake vya tembo vikaletwa, mahari ikaenda vizuri. Dada yangu aliolewa kwa amani, na jina langu halikuguswa. Baba hakunitajia jambo lile jioni hiyo, wala kesho yake, wala kamwe.

Nilirudi kwenye kazi yangu, nikahamia nayo mjini. Niliifanya vizuri zaidi, sina budi kusema hivyo, ingawa bado nilikuwa nauza chupa zikiwa zimefungwa na kuondoka bila kunywa mbele ya mnunuzi. Kila mwisho wa mwaka nilimpelekea baba chupa. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisimamisha juu ya kabati, kando ya redio, karatasi ya rangi ikitazama mlangoni. Aliwaonyesha wageni. Hakuifungua hata moja. Niliziona chupa zile zikiongezeka na nikasema moyoni kwamba mzee ananiadhibu. Nikapunguza kumtembelea. Nikawa namtuma mtu na chupa, kisha nikaacha hata kutuma. Miaka ilienda hivyo. Nywele zangu zikaanza kuwa nyeupe, mama akatutoka, na mimi na baba tulikuwa tunasalimiana kama majirani.

Ni dada yangu aliyekuja kunifungua macho, aliporudi kumuuguza baba. Nilimlalamikia juu ya zile chupa. Alinitazama mimi, yaya wake, yaani mkubwa wake, kama mtu anayetazama mjinga.

"Yaya, ulikuwa unaleta chupa, unaenda. Nani atafungua? Nani atakunywa mbele yake? Papa anakungojea weye."

Nimekulia katika desturi hiyo, nimeiona kila asubuhi ya utoto wangu. Anayeletewa hafungui kinywaji cha mtu. Baba hakuwa ananiadhibu. Alikuwa ananiachia nafasi yangu.

Nilikwenda kesho yake. Alikuwa amelala kwenye kiti kirefu, miguu imevimba. Niliteremsha chupa ya zamani kuliko zote, nikaifungua, nikamimina, nikanywa. Ilikuwa imekufa zamani.

"Iko namna gani?" akauliza.

"Hii iliharibika, papa. Hata ile ya mahari iliharibika. Nilijua."

Alifunga macho, na mabega yake yakatikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka. "Bon," akasema. "Leta ingine, ya mupya."

Nikachuma mananasi ya mama, yaliyokuwa yamebaki yakiota ovyo kati ya michikichi, nikayaponda kwa mikono yangu. Niliweka bidoni chumbani mwake ili ayaone mapovu. Kila nilipoingia aliniuliza kama yamepungua. Mara moja, nilipoona jinsi anavyodhoofika, nilitaka kuhamisha kabla ya wakati na kumpa hata ile changa. Aliona mkono wangu kwenye mpira. Akatikisa kichwa, akaniambia niiache ifike.

Alikufa mapovu yakiwa machache, lakini yakiwa bado yapo.

Nikangoja. Nilihamisha siku ilipotulia, nikangoja tena, na siku ya kuondoa matanga nikaileta uwanjani. Ilikuwa safi, rangi ya mafuta ya taa, na harufu yake ilikuwa ya shamba letu baada ya mvua. Mjomba yule wa Bafwasende alikuwepo, sasa mkongwe, amekonda, anasaidiwa kukaa. Aliponiona na chupa alinyoosha kidole.

"Na leo, bokilo? Hauko na dawa ya malaria?"

Wazee waliomzunguka wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Walijua wote, tangu siku ile. Walijua, wakanyamaza pamoja na baba.

"Leo niko muzima, tonton," nikamjibu.

Nikamimina kikombe, nikasimama mahali ambapo kila mtu angeniona, nikanywa chote. Kisha nikakigeuza juu chini, nikakijaza tena, nikampa yeye.