Mke Wangu Anamtetea Mleta Barua wa Kwenye Tamthilia

Admin, jina langu kaa nalo wewe, maana Bariadi mjini tunajuana hadi rangi za mageti, na mengi nimeyachomelea mimi. Nina miaka thelathini na minne, ni fundi wa vyuma, nina mke na binti mmoja wa miaka mitatu. Mke wangu nitamwita mama Limi. Mtakaocheka chekeni, ila mkimaliza mnisaidie, kwa sababu ndoa yangu inayumba na kilichoanzisha ni tamthilia.

Ni tamthilia ya kutafsiriwa, inaanza saa moja jioni. Kuna tajiri mmoja, nyumbani tunamwita Mwenye Shamba. Alimpenda binti lakini hajui kuongea, akawa anamtuma binamu yake ampelekee barua na kumsomea. Huyo binamu ndiye Mleta Barua. Binti akaolewa na Mwenye Shamba, na tangu hapo sebuleni kwangu ni ubishi kila jioni: wanaendana au hawaendani?

Wabishi wenyewe ni mke wangu na rafiki yangu wa siku nyingi, mwalimu wa shule ya msingi, tumwite Masanja. King'amuzi chake kiliharibika, akawa anakuja kuangalia kwetu. Masanja huyo huyo ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Mama Limi nilimwona siku moja tu kwao Malampaka, nilipopeleka madirisha, nikarudi hoi. Mimi si mtu wa maneno. Nikamtuma Masanja, akaenda mara tatu, posa ikakubaliwa, ng'ombe wakaenda, nikaoa.

Mimi kwenye ubishi wao nilikuwa nakula ugali wangu kimya. Mpaka jioni moja mke wangu akasema, "Huyu dada na Mwenye Shamba hawaendani kabisa. Angeolewa na Mleta Barua."

Masanja akacheka. "Sasa shemeji, Mwenye Shamba kakosa nini? Barua si zake?"

"Barua zake, lakini aliyezisema ni nani?" mke wangu akajibu, tena kwa ukali. "Mwanamke anampenda aliyemsemesha."

Masanja akaomba maji ya kunywa, na kikombe cha chai kimejaa mbele yake. Ndugu zangu, nikarudisha tonge kwenye sahani. Mimi najijua nina wivu, ila siku hiyo hata asiye na wivu angeuliza.

Alipoondoka nikamuuliza mke wangu, kama utani, Masanja alimwambia nini siku zile za posa. Akatabasamu, tabasamu ambalo sijaliona muda mrefu. Akasema, "Si maneno yako? Kwamba tangu unione kazi haziendi. Kwamba utanijengea nyumba yenye baraza, jioni tukae tuongee mpaka chakula kipoe. Mbona siku hizi huongei hivyo tena?"

Mimi sijawahi kusema maneno hayo! Nilimwambia Masanja hivi: "Nenda kawaambie nahitaji mke, nina kazi, pombe sinywi." Basi. Na hilo baraza, mke wangu ameshaniuliza mara mbili, nikamjibu baraza la nini, mvua ikinyesha si tunaingia ndani. Sasa ndiyo naelewa kwa nini alinyamaza.

Kesho yake nikamfuata Masanja. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Bwana we, mshenga asipotia chumvi ni mshenga gani? Ulitaka nikawaambie unajua kupinda nondo?" Jibu zuri, nakubali. Lakini tangu siku hiyo hakanyagi kwangu, anasema ana madaftari ya kusahihisha. Na mke wangu naye tamthilia haangalii tena. Nikiwasha runinga anachukua ndoo anakwenda kisimani. Kama ni chumvi tu, hawa watu wanakwepa nini? Na mwanaume anayatoa wapi maneno matamu namna ile, kama hayakuwa moyoni mwake? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Sijamkuta na meseji wala sijawakuta mahali, niseme ukweli. Lakini usiku silali, na mchana naunguza vyuma vya watu.

Nikaamua kwenda Migato kwa mama yangu. Sikumwambia kiini, nilisema tu hatuelewani ndani. Mama hakuuliza mara mbili. "Ng'wanawane, mwanangu, ugomvi wa nyumba unaanzia kwa mshenga. Umemwona mshenga wako?" Kumbe wakati najiandaa kuaga, yeye ameshampigia simu. Masanja amekubali. Jumapili anakuja kutusuluhisha.

Nimkatae vipi? Wazee watauliza sababu, na nikisema ni tamthilia, nitachekwa mpaka Mwanhuzi. Nikimkubali, nitakaa katikati yao wawili huku yeye akinisemea tena, kwa ufundi ule ule. Na kuna jambo linanitesa kuliko hayo yote. Natamani nimwambie mke wangu ukweli, kwamba yale maneno hayakuwa yangu. Lakini nikisema hivyo, yule mwanaume aliyempenda nitakuwa nimemwonyesha kwa kidole, amekaa pale kwenye kochi, na si mimi. Nikinyamaza, nitaendelea kuishi na mke niliyepewa kwa maneno ya mtu mwingine.

Leo ni Ijumaa. Mama Limi ameshafagia uwanja mzima na amemfunga kamba yule jogoo mwekundu. Mgeni anachinjiwa kuku, hilo najua. Ila jogoo huyo niliomba tumchinje Krismasi, akaniambia ni wa mbegu, haguswi.

Walio kwenye ndoa, mniambie kabla ya Jumapili: mtu ambaye mshtakiwa wake ndiye mshenga wake, anakwenda kushtaki kwa nani?