Merv Mahali Pake

Glenys Pascoe hakujiunga na kozi ya kupiga picha kwa kupenda picha. Alijiunga kwa sababu daktari alimwambia atoke nyumbani walau siku moja kwa wiki, la sivyo watauguzwa wawili badala ya mmoja. Siku za Jumatano, katika ukumbi wa mji wa Tarrowie, palikuwa na mambo mawili ya kuchagua: kushona mablanketi ya viraka au kamera. Kushona alishashona maisha yake yote, na sasa alikuwa na miaka sitini na saba. Akachagua kamera.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mumewe, Merv, fundi wa vinu vya upepo, vile vinavyovuta maji ya kunywesha kondoo. Kwa miaka arobaini na minne hapakuwa na kinu kati ya Tarrowie na jangwani ambacho Merv hakukipanda. Sasa akili ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo, na huu ulikuwa mwaka wa tatu. Ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake alikuwa akiuliza choo kiko wapi. Asubuhi nyingine alimwita mkewe "sista", akidhani ni muuguzi, na kumshukuru kwa chai kwa adabu iliyomuumiza Glenys kuliko tusi.

Lakini bandani Merv alikuwa Merv. Banda lile la mabati, nyuma ya nyumba, lilikuwa na ukuta mmoja mrefu wa mbao. Kila zana ilikuwa na msumari wake ukutani, na nyuma ya kila zana Merv alikuwa amechora umbo lake kwa rangi nyekundu, ili ukiitoa ujue inarudi wapi. Wanaume wengi wa huku wana ukuta wa namna hiyo, na mke mwenye busara haugusi. Kila asubuhi Merv aliingia, akaanzia mlangoni kwenye spana kubwa ya kwanza, akaigusa, akaenda ya pili, akaigusa, kisha msumeno, nyundo, spana malaya, ile inayokubali kila nati, koleo, hadi mwisho wa ukuta penye meza ya kazi. Akifika mezani alikuwa ameshajua yeye ni nani. Hapo aliketi na kuiunga pampu moja kuukuu bila kukosea hata nati. Jioni, baada ya chakula, Glenys aliifungua tena vipande vipande, ili kesho mume awe na kazi.

Mwalimu wa kozi, Danica, alikuwa binti wa miaka thelathini hivi mwenye nywele za buluu. Wiki ya tano aliwapa kazi: kila mmoja akampige picha mtu mmoja mahali pake.

"Sitaki uso na pazia nyuma," alisema. "Hizo ni za pasipoti. Nataka mahali penyewe panisimulie habari za mtu hata kama simjui. Nendeni mara tatu bila kupiga picha. Tazameni mwanga unaingia saa ngapi, andikeni vilivyomo, choreni kwanza kwenye karatasi. Na kitu kikiwazibia, kisogezeni."

"Na kama mwenyewe hasogezeki?" Glenys aliuliza.

"Nani, mume?"

"Mume."

"Basi sogeza mahali, mume muache alivyo," Danica akasema, na darasa zima likacheka, Glenys naye.

Si alama za darasa alizokuwa akizitafuta. Jina la Merv lilikuwa kwenye orodha ya nyumba ya wazee, na waliokuwa mbele yake walikuwa wawili tu. Kule hutundika picha mlangoni pa kila chumba, ili mzee akijiona ajue kuwa hapo ndipo kwake, na wanaomlisha wajue wanamlisha nani. Glenys alitaka picha ya mlango huo imwonyeshe Merv akiwa mzima, fundi, bandani kwake, kabla hajaisha. Muda uliobaki ulikuwa wa wiki, si wa miezi, na jambo hilo alilijua bila kuambiwa.

Basi akafanya kama alivyofundishwa. Mara tatu aliingia bandani na daftari, akageuza ndoo, akakaa juu yake.

"Unafanya nini hapo, bosi?" Merv alimuuliza.

"Naandika."

"Makosa yangu? Basi daftari hilo halitoshi."

"Naandika vilivyomo humu. Hiyo ya kwanza ulinunua wapi?"

"Sikununua, ya baba hii." Merv aliigusa spana ya mlangoni. "Nilifungulia kinu cha akina Trezise, upepo unavuma, niko juu nimening'inia. Chini mzee Trezise anasali. Namwambia, we mzee, acha kusali, shika ngazi."

Glenys alicheka mpaka machozi, na machozi yale hayakuwa yote ya kicheko. Aliandika: saa kumi alasiri mwanga unaingia dirisha la magharibi. Aliandika: upande wa mlangoni ni giza. Upande ule mbao zilikuwa zimeshika mafuta na moshi wa miaka mingi, na kwenye kioo kidogo cha kamera palionekana shimo tu. Danica alipotazama picha ya majaribio alisema, "Upande huu umekufa, Glenys. Tafuta kitu cheupe kirudishe mwanga. Hata shuka."

Angetundika shuka, yasingetokea haya. Lakini Glenys alilelewa na mama ambaye mchungaji akija kunywa chai, hata mbwa huogeshwa. Kumpiga mtu picha itakayotundikwa mlangoni, wapitao wote waione, halafu nyuma yake ukuta mchafu? Shuka aliiona ni kazi ya mvivu.

Jumanne iliyofuata jirani yao alimchukua Merv kwenda kunyolewa mji wa pili. Jirani huyu kimo chake hakifiki bega la Glenys, na ndiyo maana mji mzima unamwita Mrefu. Gari lilipoondoka, Glenys alishusha zana za upande wa mlangoni, kumi na moja, akausugua ukuta kwa magadi, akaupaka rangi nyeupe iliyobaki ya dari la jikoni. Joto la Februari liliikausha kabla ya saa sita. Akapaka mkono wa pili. Zile zana akazifuta vumbi, akazitundika karibu na dirisha, kubwa kwa ndogo. Kisha akarudi nyuma hatua tatu na kutazama, akafurahi. Furaha hiyo ndiyo inayomchoma mpaka leo. Kamera ilikuwa shingoni mwake kutwa nzima, na hakupiga hata picha moja ya ukuta ulivyokuwa; ile ya majaribio ilikuwa giza tupu.

Saa kumi kasoro kidogo gari la Mrefu likarudi. Glenys alikuwa ameshasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, kila kitu tayari. Merv akaingia, nywele mpya, kofia kichwani. Mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe kwenda palipokuwa na spana ya kwanza, ukakuta ukuta mtupu. Ukabaki pale hewani. Kisha akaushusha, akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Samahani," akasema. "Nimekosea mlango."

"Hujakosea, Merv. Ingia."

"Mwenyewe yupo?"

"Mwenyewe ni wewe."

"Hapana, sista. Mimi natafuta banda la Merv Pascoe. Nimeambiwa liko mitaa hii hii."

Wakati huo mwanga wa dirishani ulifika ukutani, ukarudi na kumwangukia usoni kama ulivyopangwa, na kidole cha Glenys kikabonyeza. Hata leo hajui kwa nini. Alikuwa ameupanga wakati ule kwa wiki tatu, na ulipofika mkono ulifanya kazi yake.

Nyuma ya Merv, Mrefu alinusa rangi. "Glen," alisema, "umefanya nini?"

"Nimepaka rangi."

Mrefu ni mtu asiyeacha jambo lipite bila kulitania. Siku hiyo alimshika Merv mkono na kumpeleka ndani bila neno.

Majuto ni mjukuu. Siku mbili Glenys alishinda bandani na kopo la rangi nyekundu. Alirudisha kila zana upande wake kwa kukumbuka, akaizungushia penseli, akafuatisha kwa brashi. Alipomaliza alimwita mumewe. Merv alisimama kizingitini, akatazama kwa makini, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Jamaa kajitahidi," alisema. "Kamuiga Merv. Lakini Merv haanzii hivyo."

Akarudi nyumbani kuuliza choo kiko wapi. Hakukanyaga tena bandani. Pampu ilibaki vipande vipande mezani kama alivyoiacha mkewe Jumatatu ile, na jioni, baada ya chakula, Glenys hakuwa na kitu cha kufungua. Alikuwa akikaa tu na mikono yake mapajani. La kuvunda halina ubani.

Jumatano ya wiki iliyofuata picha zilibandikwa ukumbini. Mbele ya picha ya Glenys, Danica alisimama muda mrefu.

"Njooni muone macho haya," aliwaambia wengine. "Miaka arobaini na minne mtu yuko kwenye kazi hii, na bado analitazama banda lake utadhani kaingia leo. Na kofia, oneni alivyoivua. Hiyo ni heshima kwa mahali pake. Ulimfanyaje, Glenys?"

"Nilipaka ukuta rangi," Glenys akasema.

Wakacheka, wakidhani anajishusha. Angeweza kusema wakati ule. Mdomo ulifunguka kabisa, kisha akasema asante. Picha yake ilipewa alama za juu kuliko zote, na ikakaa mwezi mzima kwenye ukuta wa ukumbi.

Simu kutoka nyumba ya wazee ilikuja mwishoni mwa Machi. Binti yao, Leanne, alikuja kutoka jiji la Adelaide kusaidia kuhamisha, na kabla mama yake hajajua aliiomba ile picha ukumbini na kuitia fremu.

"Hii, Mama, hakuna mfano. Baba mwenyewe kabisa."

Glenys hakuwa na nyingine. Na kumweleza Leanne kulitaka kusema jambo zima tangu mwanzo, rangi, kofia na kidole. "Haya," alijibu, "itundike."

Wakaitundika mlangoni pa chumba namba tisa. Siku hiyo Merv alitembea korido yote ndefu akiwa ameshika mkono wa mkewe, mpole, akiwasalimu wauguzi mmoja mmoja. Walipofika namba tisa alisimama mbele ya picha. Leanne alikuwa ameshatangulia ndani, anapanga soksi kwenye droo.

"Ingia, Merv. Ndipo hapa," Glenys akasema.

"Chumba cha huyu bwana hiki." Hakuondoa macho kwenye picha. "Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Kapotea. Ona, kaingia kwenye banda la watu, na hapana anayemjua." Akauinua mkono wake wa kulia, akaugusa uso ule kwenye kioo kwa ncha za vidole, kama alivyokuwa akigusa zana zake. "Mpeleke kwao, sista. Ataanza kuogopa."