Namba za Penseli kwenye Bahasha za Kura

Ningeweza kukataa. Karani Mkuu aliniambia nitie namba ya penseli kwenye kila bahasha ya ndani, na namba ile ile mbele ya jina la mwenyewe, nami nikatia, siku ile ile ya kwanza niliyokabidhiwa kura za wasiokuwapo.

Nilikuja Maskati kutoka Unguja mwaka 1964, na miaka minne baadaye nilikuwa karani wa utumishi katika kampuni ya mafuta. Wafanyakazi walichagua kamati yao. Wa kambi za jangwani walipiga kura wiki moja mapema, zikaletwa kwa ndege katika mfuko uliopigwa lakiri.

Kila kura ilikuwa na bahasha mbili. Ya nje ilikuwa na jina na sahihi, au alama ya dole gumba kwa asiyejua kuandika. Tulikuwa tukiilinganisha na daftari la ajira; ikiafikiana, tunatia alama mbele ya jina ili mtu asipige mara mbili. Kisha tunatoa ya ndani, isiyo na jina, na kuichanganya na nyingine kabla ya kufunguliwa. Kule kuchanganya ndiko kulikolinda siri.

"Namba hii ya nini, bwana?" niliuliza.

"Ewe, unataka kazi au unataka maelezo? Mkuu wa Utumishi kaitaka."

"Lakini itajulikana nani kampigia nani."

"Mimi sijui, wewe hujui. Andika, chai inapoa."

Bahasha ya kumi na saba ilikuwa ya Seif, mtoto wa ami yangu, mpishi wa kambi. Ndiye aliyenipokea kwake Matrah nilipofika sina kitu. Nilijua atampigia fundi mmoja aliyekuwa akidai maji safi kambini. Nikawaza: nikiiruka yake tu, nitagundulika. Nikaandika 17.

Fundi alishindwa. Mwezi haukwisha, wa kambini waliompigia wakapewa barua za kuachishwa kazi. Seif alikuja na yake ofisini.

"Nani kaisoma kura yangu?"

"Sijui, kaka."

"Mkuu wa Utumishi kaniwekea bahasha yangu mezani. Saba ile iliyokatwa mstari katikati nani anaiandika hapa, kama si wewe? Toka skuli unaandika hivyo."



Baadaye nilisimamia kura nyingi mpaka nikastaafu, na sikutia tena namba. Haikumsaidia Seif. Alikwenda Kuwait kutafuta kazi, na barua zangu zote alizirudisha bila ya kuzifungua. Alipofariki wanawe hawakuniarifu; nilisikia msikitini, ameshazikwa siku tatu nyuma. Nilimpoteza ndugu yangu, na hakunisamehe.