Mlango wa Babu Bawaba

Baba yangu alikuwa seremala, na mlango wa nyumba yake ulikuwa mbovu kuliko yote mtaani. Kinyozi hajinyoi, watu walimwambia. "Mimi nina upara," aliwajibu, "ninyoe nini?"

Aliutengeneza kabla sijazaliwa, wa kusukumwa ndani na nje. Mama alikuwa amesema hahamii nyumba isiyo na mlango, na baba, kwa haraka ya kuoa, akatumia mbao mbichi. Zilipokauka zikapinda, mlango ukaanza kubana. Ili kuufungua ulipaswa kunyanyua kitasa, kuegemeza nyonga, halafu kusukuma ghafla. Sisi wa nyumbani tulijifunza hayo tukijifunza kutembea. Wageni waliteseka.

Angeweza kuurekebisha kwa asubuhi moja, lakini hakutaka. Mgeni akibisha hodi, baba alipaza sauti, "Karibu, sukuma tu!" kisha akabaki kwenye kochi, amejiziba mdomo kwa kofia, mabega yakimtikisika. Mama alisema iko siku ataua mtu. Mchumba wangu wa kwanza alisukuma, akavuta, akabisha tena, akaenda zake. Wa pili alikuwa fundi bomba. Huyo alilala kifudifudi pale kibarazani, akachungulia chini ya mlango aone unabana wapi, akainuka, akanyanyua kitasa na kuupiga nyonga. Baba akampokea kwa makofi.

"Huyu anajua kutafuta panapovuja," akaniambia. "Olewa."

Nikaolewa.

Wapo wanaodhani mtu wa mzaha ni mvivu, na watu hao hawakuwahi kufika karakana ya baba, ng'ambo ya barabara. Alifungua kabla ya duka la jirani na kufunga baada yake. Vitanda, makabati, madawati, milango ya watu wengine: vyote vilitoka sawasawa, kona kwa kona. Wimbo alioupenda ukipigwa redioni, alichukua ubao uliokuwa karibu, akaukumbatia kiunoni na kucheza nao mpaka wimbo uishe, kisha akaulaza mezani na kuukata. Magoti yake yalilia kila alipochuchumaa, ndiyo maana wanangu wakamwita Babu Bawaba. Naye, bila aibu, akayapaka mafuta ya bawaba mbele yao.

Kuhusu mlango alikuwa na kauli moja aliyoirudia kwa miaka: "Siku mlango huu ukinishinda, ndiyo siku ninayoacha kazi." Tulicheka, lakini tulijua. Mzaha wa baba ulikuwa na ubaya wake, kwamba aliutimiza. Aliwahi kusema timu yake ikifungwa ataenda sokoni na gauni la mama. Ikafungwa, akaenda, tena akarudi na nyanya.

Mama alipofariki, mimi, mume wangu na watoto tukahamia kwake. Baadaye vumbi la mbao la miaka yote ile likaanza kumdai kifuani. Daktari alimwambia apunguze kazi, ila asikae kitako. Akabaki na stuli na vigoda, na hivyo ndivyo vilivyomtoa kitandani kila siku.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni nikasikia mlango ukisukumwa. Kimya. Ukasukumwa tena. Kimya, na kikohozi. Mara ya tatu ukafunguka, naye akatoka bila kusema lolote. Kwa baba, ukimya ulikuwa mbaya kuliko kikohozi.

"Ukimshinda ataacha kazi," nikamwambia mume wangu. "Na akiacha kazi, hamalizi mwaka."

"Basi niupunguze."

"Akigundua je? Atasema umeshamshinda."

"Nitapunguza kidogo kidogo."

"Wewe fundi bomba."

"Ubao nao ni bomba," akasema, "ila limeziba."

Akanunua randa iliyotumika. Kila baba alipokwenda kliniki, aliung'oa mlango kwenye bawaba, akauranda ukingoni, mimi nikafagia maranda na kugusagusa rangi. Watoto tuliwaagiza waendelee kuusukuma kwa taabu kama zamani, wasituchome. Wakubwa walijitahidi. Mdogo alizidisha chumvi: alijitupa sakafuni akidai bega limevunjika. Babu yake alimtazama kwa muda, akarudia chai yake.

Basi maisha yakaenda. Nguvu za baba zilipungua, na mlango nao ukapungua, vikifuatana. Kila asubuhi alinyanyua kitasa, akaegemeza nyonga, akasukuma, na ulipofunguka akapiga kelele mtaa mzima usikie: "Bado nimo!" Kisha akavuka barabara polepole kwenda kwenye vigoda vyake.

Siku moja, akiwa kwenye kochi, alimwita mume wangu. Akaingiza mkono nyuma ya mto, akatoa randa yake mwenyewe, ile aliyokuwa hamwazimi mtu.

"Mkwe," akasema, "hiyo yako butu. Inatafuna mbao. Chukua hii."

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama dirisha.

"Baba," nikaanza, "sisi tulidhani..."

"Na pale juu, upande wa kitasa, bado panabana. Leo pamenitoa jasho." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Paguse kidogo. Kidogo tu, lakini. Nisije nikaonekana natolewa na upepo."

Kesho yake, alipotoka kwenda kliniki, mume wangu akapagusa. Asubuhi iliyofuata baba alinyanyua kitasa, akaegemeza nyonga, akasukuma. "Bado nimo!" Niliingia stoo nikalia, kwa sababu nilimpenda sana na sikuwa nimewahi kumwambia.

Alifanya kazi mpaka wiki aliyofariki. Kigoda cha mwisho kilibaki na miguu mitatu, na hakuna aliyekitia wa nne.

Siku ya msiba watu walijaa. Kufikia hapo mlango ulikuwa unafunguka kwa kidole, lakini nani alijua, zaidi yetu? Mtaa mzima ulikuwa umeufahamu kwa miaka. Jirani mwenye duka alifika wa kwanza, uso umekunjamana kwa huzuni. Akanyanyua kitasa, akaegemeza nyonga, akakusanya nguvu zake zote, akasukuma. Aliingia sebuleni kwa kishindo na kuishia kwenye kochi. Hajajikusanya, shemeji ya baba akaingia vilevile na kumwangukia. Halafu fundi rangi, na kofia yake mbele yake.

Nilicheka. Nilikuwa mfiwa, nimejifunga khanga, macho yamevimba, na nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Mume wangu akaninong'oneza, "Niuache wazi, watu wasije wakaumia?"

Nje, mtu mwingine alikuwa ameshashika kitasa.

"Acha," nikamwambia. "Bado yumo."