Tundu la Safu ya Themanini

"Huyu hafiki hata Mbeya," alisema mjomba wangu Simwanza siku nilipoaga Chunya kwenda kusoma ng'ambo. Alisema mbele ya watu, huku akinikabidhi sanduku lake la bati niliazime. "Mtu asiyeweza kukaa kwenye bani moja la kukaushia mpaka tumbaku ikauke, atakaaje miaka miwili kwenye baridi ya Wazungu? Atarudi kabla sanduku halijashika kutu." Jirani mmoja akaongeza kwamba mashine za kompyuta ni za watu wenye vichwa, na mimi nimejaliwa miguu tu. Wakacheka. Nami nilicheka, maana sanduku nilikuwa nalihitaji.

Nilirudi na diploma. Naitaja mapema ili msomaji ajue anasoma maandishi ya nani. Ni diploma ya kazi za kompyuta, yenye lakiri nyekundu, na kwa ninavyojua mimi hakuna mtu wa Chunya aliyetangulia kuwa nayo. Sanduku lilikuwa la mjomba, koti la baridi aliniazima padri mmoja wa Tosamaganga, lakini kichwa kilichofanya mitihani kilikuwa changu.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumatatu ya ukungu mjini Iringa, katikati ya miaka ya sabini. Nilifika chuoni saa moja kasoro, mlango haujafunguliwa, nikazunguka jengo mara sita. Mkuu wa Idara alinikuta bado natembea.

"Wewe ndiye wa diploma?"

"Ndiye mimi, Ndugu Mkuu."

"Karibu Idara ya Kompyuta. Kompyuta yenyewe bado. Mpaka ifike, wewe utakuwa mdomo wa idara. Utaandika habari na matangazo."

Niliumia. Nimevuka bahari kujifunza kuiamrisha mashine, leo napewa ubao na pini! Lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulifundisha kuandika programu kwenye karatasi, wanafunzi wakawa wanajifanya wao ndio mashine, wanafuata amri mstari kwa mstari kwa penseli. Kazi za kweli tulizipeleka Dar es Salaam kwa basi, kwenye mashine tuliyoruhusiwa kuitumia siku moja kwa wiki.

Niwaeleze vijana kazi ya matangazo ilivyofanywa, maana leo mnabonyeza kidole na habari imefika. Tangazo liliandikwa kwanza kwa mkono. Mpiga chapa wa idara, Mama Sanga, mwanamke mpole kwa uso na mkali kwa ulimi, alilipiga kwenye stensili, yaani karatasi ya nta ambayo herufi huikata ili wino upite. Stensili ilivikwa kwenye mashine ya kurudufu, ukazungusha mkono, nakala zikatoka zikinuka. Nakala ya ubaoni ilipata namba, sahihi ya Mkuu na muhuri wa zambarau. Bila muhuri, hata ungeandika kwamba jengo linaungua, watu wangeendelea kukaa humo ndani.

Nilijiwekea kanuni zangu na mpaka leo nazisimamia. Usiandike "kesho" kwenye tangazo, kwa sababu atakayelisoma kesho atakwenda keshokutwa, taja siku. Usianze na shukrani. Habari mbaya iweke juu, watu wasiisake. Na idara nayo ilikuwa na kanuni yake, kubwa kuliko zangu zote: tangazo likishapigwa muhuri halibanduliwi wala halisahihishwi. Linakaa mpaka Ijumaa, basi.

Kila Ijumaa nilitoa pia ukurasa mmoja wa habari za idara. Mara tatu niliandika kwamba kompyuta yetu iko njiani. Kila basi la Dar es Salaam lilipopanda kutoka Ipogolo kule bondeni nilikuwa nimesimama stendi, sijui nilidhani itashuka na abiria. Baadaye serikali ikazuia uagizaji wa kompyuta, nami nikaandika hilo pia, juu kabisa ya ukurasa. Wanafunzi walinipa pole kama mtu aliyefiwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo bila hilo nisingeshika kalamu.

Alama za mitihani tulizitoboa kwenye kadi. Kadi ilikuwa karatasi ngumu yenye safu themanini zilizosimama wima, na kila tundu la mstatili lilikuwa na maana kwa mashine kulingana na mahali lilipo. Kadi moja, mwanafunzi mmoja. Safu ya themanini, ile ya mwisho, tuliiacha wazi. Ikiwa na tundu lolote, mashine ilisoma kwamba huyu hakufika kwenye mtihani, na asiyefika alikuwa amejiondoa chuoni.

Mwaka ule ukungu ulikaa Iringa wiki mbili. Kadi zilivuta unyevu, zikavimba na kujikunja, na kadi iliyojikunja inakwama kwenye mashine. Basi la kuzipeleka lilikuwa linaondoka saa sita mchana. Wengine wangekaa wakalalamika. Mimi sijui kukaa. Nilimwomba Mama Sanga pasi yake ya mkaa.

"Baba, unataka kupiga pasi mitihani?"

"Nataka kuinyoosha."

"Makaa yanaruka hayo. Tandika kitambaa."

Nilitandika kitambaa kwa kadi hamsini za kwanza. Baadaye nikaona kinanichelewesha.

Kadi zilinyooka kama shati la harusi. Zilikwenda, mashine ikazisoma bila kukwama hata moja, na orodha ndefu ya matokeo ikarudi kwa basi. Jumatatu ya kwanza ya muhula niliipigisha muhuri, nikaibandika. Kisha, kwa kuwa kazi ilinipendeza, nikawageukia wanafunzi waliojaa barazani nikasema kwa sauti, "Mashine haikosei. Na aliyeilisha ni mimi."

Mwanafunzi mmoja hakuondoka wenzake walipotawanyika. Aliitwa Milembe, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao.

"Mwalimu, hapa pameandikwa sikufika. Nilifika. Nilikaa dirishani, wewe mwenyewe ulinigawia karatasi."

"Niliwagawia wengi."

"Uliniambia nifunge dirisha, ukungu unaingia."

"Dada, mashine haikosei," nikasema, nikaenda zangu haraka, kama kawaida yangu.

Jioni ile alibeba sanduku lake kichwani, akapita uani mbele ya wenzake wote. Nilisikia mmoja akisema, "Kumbe alitoroka mtihani." Nilisikia, nikaendelea kutembea.

Wiki ile sikutulia. Nilibandika tangazo la maji kukatika, nikarudi kulinyoosha. Nilikwenda stendi bila sababu. Dirisha lile lilinisumbua, kwa sababu kweli nilikuwa nimesema lifungwe.

Jumamosi kadi zenyewe zikarudi kwa basi jingine. Nilifungua boksi pale pale stendi, nikatafuta ya Milembe, nikaiinua kwenye mwanga. Alama zilikuwepo, tena nzuri. Na kwenye safu ya themanini kulikuwa na tundu. Matundu ya kweli yana pembe nne. Hili lilikuwa la mviringo, dogo, na ukingo wake ulikuwa wa kahawia. Cheche ya mkaa.

Nilikwenda mbio nyumbani kwa Mkuu wa Idara. Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa Jumatatu saa sita mchana, na asiyesajiliwa nafasi yake ilipewa mwingine. Mkuu aliichukua ile kadi, akaielekeza kwenye mwanga.

"Tukisahihisha hili, watauliza na mengine yote tuliyowahi kubandika."

"Binti atapoteza nafasi, Ndugu Mkuu."

Akanirudishia kadi. "Andika mstari mmoja. 'Imetokea hitilafu.' Usitaje pasi. Watatucheka mpaka Mbeya."

Nikaliandika hivyo. Sitaficha kwamba nilifurahi. Hitilafu haina jina wala diploma. Tukapita ofisini, likapigwa muhuri, nikalibandika. Jumapili alfajiri nikapanda basi la Mbeya, nikashuka Igawa, nikadandia trekta la mpunga, kisha nikaenda kwa miguu mpaka nyumbani kwa Mzee Masanja, baba yake Milembe. Nilimkuta zizini, anatia ndama alama kwa chuma cha moto.

"Mwadila, baba," nilimsalimu Kisukuma, ndilo neno nililolijua.

"Mwadila. Wewe ndiye wa mashine?"

Nikamweleza yote, nikampa kadi. Aliigeuza, akachungulia kwenye tundu kwa jicho moja.

"Hiki kijitundu ndicho kimemrudisha mwanangu nyumbani?"

"Ndicho, mzee."

"Mimi nikikosea alama, ng'ombe wangu analala zizi la mwenzangu. Nikituma mtu kumfuata, hapewi. Lazima niende mwenyewe, niseme mkono uliokosea ni huu." Akauonyesha mkono. "Umefanya vizuri kuja. Binti yule pale, zungumza naye. Uamuzi ni wake."

Milembe alikuwa anapeta mpunga. Hakusimamisha ungo.

"Tangazo umelibandika, mwalimu?"

"Nimelibandika. Lina muhuri."

"Linasemaje?"

"Imetokea hitilafu."

"Imetokea." Akarusha mpunga, akaudaka. "Imetoka wapi?"

Nikaanza kuokota punje zilizomwagika.

"Wenzangu waliniona nimebeba sanduku," akasema. "Wanajua nimetoroka mtihani. Nikirudi kwa hitilafu, watasema baba ametoa ng'ombe. Sirudi. Andika nani amefanya nini, nitarudi."

"Dada, mimi nina heshima yangu pale."

"Na mimi nilikuwa nayo mpaka Jumatatu."

Mzee Masanja akacheka kule zizini hadi ndama akakaribia kumponyoka.

Niliomba kiti na penseli. Nimeandika matangazo mengi maishani, lakini lile la magotini, kuku wakidonoa kando ya miguu yangu, ndilo lililonitoa jasho. Nilianza na "Inasikitisha." Milembe akasoma juu ya bega langu. "Si wewe uliyetufundisha habari mbaya ikae juu?" Nikafuta. Mwisho likawa hivi:

"Mimi, E. Mwalwisi, nilipiga pasi kadi za mitihani bila kutandika kitambaa. Cheche ilitoboa kadi ya Milembe Masanja. Alifanya mtihani na amefaulu. Mashine ilisoma nilichoilisha. Nilipoambiwa, sikusikiliza."

Tulifika Iringa Jumatatu saa nne. Mama Sanga alilipiga chapa papo hapo. Mkuu wa Idara alilisoma amesimama.

"Ukilibandika hili, huenda nisiweze kukutetea huko juu."

"Naelewa, Ndugu Mkuu."

"Na muhuri unautaka?"

"Bila muhuri hawataamini."

Akakitazama kidau cha wino, akaugonga, tena kwa nguvu, hadi kalamu zikaruka mezani. Saa tano na robo lilikuwa ubaoni, na Milembe alikuwa kwenye dirisha la usajili. Wanafunzi walisoma, wakaangua kicheko, na kuanzia saa ile nikaitwa Bwana Pasi. Lakini niliona pia wasichana wawili wakimpokea sanduku.

Alikuwa amekosa wiki nzima ya masomo kwa sababu yangu. Kila saa ya chakula, kwa wiki nzima, nilikaa nikamfundisha. Ndiyo, nilikaa.

Mwisho wa mwezi barua ya uhamisho ikaja: tawi la Mbeya, chumba kimoja, hakuna ubao. Ubao niliupigilia mwenyewe. Na kadi zangu kule hazikuvimba tena, pamoja na baridi yote ya Mbeya, kwa sababu nilizihifadhi ndani ya debe la mchele mkavu aliouleta Mzee Masanja. Mchele hunyonya unyevu. Hilo halimo kwenye diploma yoyote, nimeligundua mimi. Nilifanya kazi hadi kustaafu, chini ya wakuu watano, na kila mmoja nilimfundisha kusahihisha tangazo kabla ya Ijumaa.

Watu huniuliza siku gani ya kazi yangu najivunia zaidi. Wanadhani nitataja siku ya diploma. Nataja ile Jumamosi ya kuhama, nilipoamua kurudisha kila nilichoazimwa. Asubuhi nilimpelekea Mama Sanga pasi yake, nimeisugua majivu mpaka inang'aa.

"Usiazime nyingine huko Mbeya," akaniambia, lakini alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikapita Tosamaganga, padri akalipokea koti lake, akaona vifungo vyote vipo, akashangaa. Kesho yake jioni nikawa Chunya, vumbi mpaka kwenye nyusi, nikaliweka sanduku la bati mbele ya mjomba Simwanza.

Alilikagua pembe zote akitafuta kutu. Kisha akalifungua. Chini kabisa nilikuwa nimetandika nakala ya lile tangazo. Akaitoa, akaifuata kwa kidole, akisoma kwa sauti taratibu, na majirani walewale wakakusanyika.

"Umekaa Ulaya miaka miwili ili uje kuandika hili?"

"Ndiyo, mjomba."

Nilingoja kicheko. Mjomba aliusoma tena mstari wa mwisho, akapitisha kidole gumba juu ya muhuri wa zambarau. Kisha akaingia ndani akatoka na nyundo na misumari minne, akaenda mpaka kwenye mlango wa bani lake kubwa, pale ambapo kila mkulima hupita na tumbaku yake, akalipigilia tangazo lile.

"Hata mimi nisingeweza kuliandika hili," akasema. "Kaa sasa, ule."

Nikakaa.