Makumbi ya Maji ya Chumvi

Ukuta wa chumba cha mama, ule wa upande wa uani, ulianguka wakati wa masika. Tangu siku hiyo mama akalala kitandani kwangu, mimi nikalala mkekani, miguu ikigusa mlango. Mjomba alijitolea kuleta matofali ya simenti. Mama akamkatalia mbele yangu.

"Mwanangu anatengeneza ya kwake."

Hapo ndipo nilipofungwa na neno lake.

Nilikuwa nimejifunza kwenye video za simu: udongo, simenti kidogo, na nyuzi za makumbi ya nazi, yale maganda ya nje tunayoyatupa au kuyachoma. Video ilisema loweka makumbi yalainike. Haikusema wapi, na kwetu hakuna anayeuliza swali hilo. Makumbi hufukiwa kwenye tope la ufukweni, bahari ikijaa inayafunika, na baada ya miezi unayafukua na kuyaponda, unapata usumba wa kusokotea kamba. Nikayafukia yangu kule Mbegani, nikangoja.

Tofali la kwanza lilibonyea ukingo, nikalivunja. La pili sikumbuki vizuri nililivunjia nini, nadhani rangi. Wiki zikapita hivyo. Jirani, mtu mzima wa kunizaa, akipita uani ananiamkia, "Shikamoo, fundi." Mama akiuliza, "Bado?" namjibu, "Bado kidogo."

Matofali yalipotimia ya ukuta mmoja, nikamwita bibi, mama yake mama, aliyesokota kamba ujana wake wote. Nilitaka sifa, sitaficha. Bibi alilipapasa tofali, akaona weupe kama unga pembeni, akaligusa kwa ncha ya ulimi.

"Chumvi hii, mume wangu."

"Si makumbi hulowekwa baharini, bibi?"

"Ya kamba. Kamba inakwenda baharini. Ukuta wako unakwenda wapi?"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanieleza kwamba chumvi huvuta unyevu. Ukuta utatoka jasho na kumomonyoka kidogo kidogo. Mama alikuwa jikoni, hakusikia. Nikamwomba bibi aniachie nimwambie mwenyewe.

Sikumwambia. Mwashi alipokuja nilimpokeza matofali kwa mikono yangu, moja moja, nikihakikisha mistari imenyooka. Ilinyooka kweli. Mama akarudi chumbani kwake, akatundika kanga ukutani.

Kuanzia hapo, kila akitoka kwenda sokoni, niliingia na kitambaa kikavu nikafuta weupe. Kesho yake ulikuwa umerudi. Rafiki alinialika kwenda Msata, siku tatu tu, kwenye harusi ya dada yake. Nikasema naumwa. Nani angefuta?

Siku moja mama alisahau kapu, akarudi, akanikuta nimepiga magoti chini ya kanga yake. Nikasema yote, hata maneno ya bibi. Alipitisha kidole ukutani, akakionja.

"Safari hii utaloweka wapi?"

"Kwenye pipa. Maji ya kisima."

"Miezi mingapi?"

Nikamwambia. Akaitungua kanga, akaikung'uta, akaikunja mara nne na kuibana kwapani.

"Haya," akasema. "Katandike mkeka wako."